Mkanda wa Taimingi na Jicho la Mama Mkwe

Ijumaa, 13 Juni

Nimepigwa na butwaa. Fundi Polepole wa gereji ya kona kasema gari letu lisiende popote. Kafungua kifuniko cha pembeni ya injini, kamulika tochi, kaniita nione. Mkanda wa taimingi umepasukapasuka kama kisigino cha mtu asiyejua viatu. Huo ndio mkanda unaofanya vyuma vya juu vya injini na vya chini vizunguke kwa kupatana. Ukikatika njiani, kasema, vya juu na vya chini vitagongana, na hapo huna injini tena, una chuma chakavu. Nikamuuliza utakatika lini. Akasema polepole, yeye si mganga wa ramli.

Na Alhamisi ndiyo siku ya Mama Mkwe! Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na wataanza na la kulia. Hospitali ya macho iko mji mwingine, mwendo wa masaa matatu. Kasubiri zamu yake miezi minane. Asipofika saa tatu kamili asubuhi, jina linarudishwa mkiani. Basi la kwanza linafika huko saa tano.

Fundi ana magari manne mbele yangu. Langu analiweza Jumamosi ya wiki ijayo. Jumamosi! Nimenunua mkanda mpya na kuondoka na gari langu, mwendo wa konokono, moyo mkononi. Nitaufunga mwenyewe nyumbani. Kuna video ya dakika kumi na moja. Nimeitazama mara mbili, mara ya pili kwa kurukaruka.

Jumamosi, 14 Juni

Mke wangu kauliza kwa nini nisimwachie kaka yake ampeleke mama. Shemeji ana gari jipya, jeupe, linalojifunga milango lenyewe. Nikasema Shemeji ni mtu wa shughuli nyingi, tusimsumbue.

Ukweli nauandika hapa, maana shajara haina mdomo. Nilipooa, miaka kumi na mmoja iliyopita, macho ya Mama Mkwe yalikwishaingia ukungu. Hajawahi kuniona sawasawa. Kwake mimi ni sauti na harufu ya sabuni. Shemeji anamjua tangu meno ya utotoni. Kila siku ni kijana wangu mzuri, kijana wangu mtanashati. Siku bendeji ikifunguliwa, sura ya kwanza atakayoiona ni ya yule aliyempeleka. Sura hiyo itakuwa yangu. Nimeanza kuisugua kwa limau.

Nimempigia Shemeji simu. Nimemwambia miadi ya mama imesogezwa hadi Alhamisi ya wiki inayofuata. Uongo mdogo tu, hauna hata miguu. Kashukuru sana.

Jumapili, 15 Juni

Kazi imeanza! Mimi ni mtunza bohari wa vifaa vya ofisi, mwaka wa kumi na nne, na injini ni bohari tu yenye mafuta. Kila boliti ninayofungua inaingia kwenye bahasha yake na kuandikwa. Nimeandika vifupisho ili kuokoa muda: B.K.C., B.N.K., B.K.C. ya pili. Boliti moja ilionekana ya heshima kuliko nyingine. Nimeipa bahasha ya peke yake na kuandika MUHIMU SANA.

Nimetoa tairi la mbele la kulia. Nimetoa kifuniko cha pembeni. Boliti ya puli ya chini, lile gurudumu la kuzungushia mikanda, ilikataa katakata. Nilining'inia kwenye mpini wa spana kwa uzito wangu wote. Ilipokubali, nilikaa chini bila kupanga.

Nikiwa chali chini ya gari, Mama Mkwe katoka na kibakuli cha karanga, akipapasa ukuta. Kasalimia miguu yangu. Miguu ikaitikia shikamoo. Kauliza nafanya nini huko chini, baba. Nikasema napanguza vumbi. Kasimama kidogo, akavuta hewa puani, akasema vumbi hili linanuka mafuta ya injini. Kisha kaenda zake. Nilishtuka. Pua gani ile?

Jumatatu, 16 Juni

Asubuhi nilifika penyewe. Nikaona gia ya juu, gia ya chini, na mkanda mzee umezikumbatia zote mbili. Mtu wa kwenye video anapaka rangi nyeupe kwenye gia na kwenye ukuta wa injini, ili mkanda mpya ukae palepale ulipokaa wa zamani. Jino moja likikosea, kasema, umekwisha. Nilikuwa na chupa ya wino mweupe wa ofisini, ule wa kufutia makosa. Nikapaka alama safi, nyembamba, za kitaalamu. Nikalegeza tenshena, ile puli ndogo inayokaza mkanda. Nikauvua mkanda wa zamani.

Gia ya juu ikaruka yenyewe. Kraa! Hakuna aliyeigusa! Niliruka nyuma nikapiga kisogo kwenye boneti. Lakini sikujali. Alama si zipo? Nitairudisha tu.

Saa sita Shemeji katuma ujumbe: yuko njiani, anakuja kumwamkia mama. Anikute na injini chafu namna ile? Aende kusimulia ukoo mzima? Nikachukua petroli na mswaki wa zamani, nikaisugua injini yote, juu mpaka chini. Iling'aa kama sufuria ya bibi harusi. Shemeji kafika, kachungulia, kapitisha kidole kwenye chuma, kikatoka safi. Nikajisikia mtu.

Shida ilikuwa mazungumzo sebuleni. Mke wangu alikuwa shuleni anakofundisha, kwa hiyo nililinda geti peke yangu. Kila Mama Mkwe alipoanza kutaja Alhamisi, nilikohoa. Mara ya tatu niliangusha trei. Shemeji kaniuliza kama nina pumu. Kisha kaaga: kesho asubuhi anasafiri kikazi, atarudi Jumamosi. Kaenda! Uwanja ni wangu!

Saa kumi nilirudi kwenye injini kufunga mkanda mpya. Nikatafuta alama zangu. Nikatafuta tena, kwa miwani. Petroli, kumbe, inaondoa wino mweupe. Inauondoa vizuri sana. Sikubakiwa hata na nukta moja.

Jumanne, 17 Juni

Sikula asubuhi. Mkanda wa zamani ungenisaidia, ningehesabu meno yake. Lakini mke wangu kautumia kufungia sanduku la Mama Mkwe la hospitali, ambalo kufuli lake limekufa, na mama keshalipanga nguo tayari. Hata ningeufungua, ningehesabu meno kutoka wapi hadi wapi?

Nilikimbia kwa Fundi Polepole na malapa. Nikamsihi. Kanisikiliza mpaka mwisho huku akifuta mikono kidole kimoja kimoja. Kasema polepole, ndugu yangu: injini aliyoifungua mtu mwingine haigusi, hiyo ni sheria ya gereji tangu kwa mwalimu wake. Gari likiharibika, jina linalotajwa ni la aliyelifunga. Nikamwambia nitaandika barua kwamba kosa ni langu. Kasema barua haiendeshi gari. Watu wote gerejini waliinama kutazama spana zao. Nilijua wanacheka.

Nikajaribu kumrudia Shemeji. Simu haipatikani! Yuko angani, au porini, au pote pawili. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimechimba kirefu, nikajiwekea na kifuniko.

Basi nimekisia. Niliutazama uso wa gia ya juu, nikautazama wa gia ya chini, nikafunga mkanda pale moyo uliponituma. Nikakaza tenshena. Bado nilikuwa na nusu chupa ya wino, nikapaka alama mpya ili angalau pawe na alama. Niliketi kwenye usukani. Ufunguo nikautia.

Dirisha likafunguliwa kwa kishindo. Mama Mkwe! Kapaza sauti ambayo sikujua anayo. Nisiwashe! Kauliza kama nimeizungusha injini kwa mkono kwanza, mizunguko miwili kamili. Nikasema bado. Akasema basi nishuke, nitie spana kwenye boliti ya puli ya chini, niizungushe taratibu, yeye anasikiliza.

Nikazungusha. Robo mzunguko. Kak! Ikagoma. Kwa sauti ya chini kabisa, kule dirishani, Mama Mkwe kasema hiyo ni valvu imegusa kichwa cha pistoni. Ningewasha, ningezipinda zote.

Kisha kaniuliza jambo moja tu: hili gari ndilo la Alhamisi? Nikasema ndilo. Hakunigombeza. Kafunga dirisha polepole. Baadaye nilipopita kwenye korido nilimwona kitandani, sanduku lake miguuni limefungwa kwa ule mkanda mbovu, mikono juu yake, tayari kwa safari. Alikuwa akimwambia mke wangu kwamba kama si mapenzi ya Mungu atasubiri tena, kwani miezi minane ni nini. Akasema tu angependa kujua mjukuu wake, mwanetu, ana meno ya nani. Niliona aibu. Aibu ya kweli. Niliingia bafuni nikasimama pale bila kufungua maji.

Jumatano, 18 Juni

Siku ya maajabu.

Asubuhi mapema nilimkuta Mama Mkwe yuko uani, kakaa kwenye kigoda mbele ya tairi lililotolewa. Kavaa gauni kuukuu, kafunga kitambaa kichwani, kakunja mikono hadi kwenye viwiko. Kaniambia nilete spana na maji ya sabuni. Nikasema mama, tafadhali, hii kazi ni chafu. Akasema ndiyo maana kasema sabuni.

Ndipo yakatoka. Marehemu Baba Mkwe alikuwa dereva wa lori. Hilo nalijua, picha yake ipo ukutani. Nisilolijua ni kwamba utingo wake, kwa miaka sita kabla hawajapata watoto, alikuwa mkewe! Mama Mkwe! Aliyelala chini ya lori njiani, aliyebadilisha tairi kubwa kuliko yeye, aliyemulika na kukaza! Miaka kumi na mmoja nimekaa naye nyumba moja, sijawahi kumuuliza swali lolote zaidi ya chai iwe na sukari. Mke wangu kasema yeye alijua. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema sikuwahi kutoa nafasi, nilikuwa nikieleza video.

Kwanza kanivulisha mkanda wangu wa kukisia, kama mtoto anavyovuliwa shati alilogeuza. Kisha katia vidole kwenye gia ya chini. Macho yake yalikuwa yakitazama ukuta wa jirani. Vidole vikatembea jino kwa jino, taratibu, mpaka vikasimama. Kasema hapa. Kachukua kidole changu, kakiweka. Kulikuwa na kijishimo, kidogo kama punje ya mchele. Waliotengeneza gari walikwishaweka alama zao kwenye chuma! Zilikuwepo siku zote, chini ya wino wangu! Kasema rangi ni ya mtu mwenye haraka, chuma hakifutiki.

Kaipata na ya juu. Mimi nilizungusha spana, yeye akasikiliza kwa vidole, hadi kila kijishimo kikakaa uso kwa uso na mfuo wake kwenye ukuta wa injini. Tukavisha mkanda mpya. Kaupima kwa kuupinda na dole gumba, kaniamuru nikaze tenshena, kidogo, bado, basi. Tukazungusha kwa mkono. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Laini kama kukoroga uji. Alama zikarudi palepale.

Bahasha zilitutesa. B.K.C. ni Boliti Kubwa ya Chini au Boliti ya Kifuniko Chembamba? Nilikuwa sijui. Mama Mkwe akawa anazipima kiganjani na kuziita kwa majina ya mahali zinapokwenda, na kila moja ilikwenda. Ilipofika adhuhuri hapakuwa na boliti mezani. Nikawasha. Injini ikaitikia kwa mkupuo mmoja! Nilipiga kelele hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Mama Mkwe kainamisha sikio, kasikiliza muda mrefu, kasema kuna kitu kinacheza kidogo upande wa kulia, lakini gari litatufikisha.

Mimi sikusikia kitu. Ni umri.

Alhamisi, 19 Juni

Tumefika saa mbili na dakika ishirini! Njia nzima Mama Mkwe kakaa mbele kwa sababu, alisema, utingo hakai nyuma. Kila nilipobadilisha gia kwa ukali alivuta pumzi kwa meno. Mke wangu kalala nyuma na mtoto.

Wamempeleka ndani saa nne kasoro. Aliponishika mkono mlangoni, vidole vyake vilikuwa bado na weusi wa mafuta kwenye kucha. Nesi kamsugua kwa dakika kumi na kuuliza mama huyu anafanya kazi gani. Mama Mkwe kasema ni fundi. Nesi kacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa naomba.

Imechukua muda mfupi kuliko kuvua mkanda. Katoka na bendeji, kasema anasikia njaa.

Ijumaa, 20 Juni

Leo ndiyo leo. Niliamka mapema, nikavaa shati lililopigwa pasi. Wodini nilimsogeza mke wangu kwa ustaarabu, nikasogeza na kiti, nikasimama mbele kabisa ya kitanda, kidevu juu. Daktari akasema bendeji inatoka. Ikatoka.

Mama Mkwe kafumba, kafumbua. Jicho likahangaika kidogo. Kisha likatua kwangu. Mimi! Wa kwanza! Likakaa hapo muda mrefu. Midomo yake ikafunguka, na neno lake la kwanza katika mwanga, baada ya miaka yote hiyo ya ukungu, likatoka wazi kabisa mbele ya daktari na manesi wawili: baba, una doa jeupe puani.

Nilishika pua. Wino! Wino wa kufutia makosa, umekauka, mkubwa kama kucha! Daktari kafurahi mno, kaandika kwenye faili kwamba mgonjwa anaona vitu vidogo. Nilimgeukia mke wangu. Kasema doa liko hapo tangu Jumanne, aliliona, ila alidhani ni vizuri mama awe na kitu cha kuanzia.

Kisha Mama Mkwe kamwona mjukuu. Kamshika taya, kamwambia acheke. Kayatazama yale meno moja moja, kama alivyozipapasa gia. Kasema ni ya marehemu babu yake, yote, hata lile lililopinda. Nililia kidogo, na sioni aibu kuliandika.

Jumapili, 22 Juni

Shemeji karudi jana, kaja leo mbiombio. Uongo wangu ulikutwa na miguu. Ukanywa kahawa na kukaa nasi mezani. Nilijitetea kwamba huenda simu ilikuwa na mkwaruzo. Shemeji akataka kujua basi nani kafunga mkanda. Nikavuta pumzi ili nijibu kwa unyenyekevu. Mama Mkwe kaniwahi. Kasema kafunga yeye, ila mkwe wake alimsaidia vizuri, alishika taa, alileta spana aliyoambiwa. Kwa jumla ni utingo mzuri, anaweza kumpendekeza kwa mtu.

Utingo! Mimi! Niliyenunua mkanda!

Sasa ni saa nane mchana. Wamekula, wamelala wote. Mama Mkwe kalala na jicho moja likiwa chini ya kinga ya plastiki, anakoroma kwa mpigo sawasawa. Miadi ya jicho la kushoto ni mwezi wa tisa. Nimekaa uani nikitafakari somo la wiki hii, na nimelipata: nilikosea kazi ya kwanza kwa sababu ilikuwa ya kwanza. Ya pili nitakuwa mzoefu.

Na Mungu huwa halali. Gari jeupe la Shemeji lilipoingia getini nililisikia kwa masikio yangu: ti-ti-ti, upande wa mbele. Yeye mwenyewe hajui. Ufunguo kauacha mezani, karibu na mkono wangu. Akiamka akute limenyamaza, tutaona nani utingo.

Nimekwenda kuchukua zile bahasha zangu, maana bado nzima. Tupu, tupu, tupu. Ya mwisho, chini kabisa mfukoni mwa koti la kazi, haikuwa tupu. Nimeimimina kiganjani. Boliti! Ile ya heshima! Nimeketi. Bahasha imeandikwa kwa mwandiko wangu mwenyewe: MUHIMU SANA.

Nimefikiri kwa dakika tano nzima. Masaa matatu kwenda, masaa matatu kurudi, mabonde na milima, na gari halikudai chochote. Basi si muhimu kiasi hicho. Nimefungua chupa ya wino mweupe, nikafuta MUHIMU, nikafuta na SANA. Boliti nimeitupa kwenye kopo la misumari. Wino ukikauka nitaandika upya juu yake, maana nahitaji kila bahasha niliyo nayo. Gari la Shemeji lina boliti nyingi kuliko letu.